Mlima wa kubuni nao uko na sheria zake

Mu vilima vya Kipese, sawa vile mu nyumba nyingi za teritware ya Lubero, hakukosi baba ao kaka mukubwa ambaye yuko mbali, ku machimbo ya zahabu, upande wa Manguredjipa ao kwingine. Siku anaporudi, anarudi na makuta kama iko. Kama haiko, anarudi na hadisi. Anaeleza juu ya shimo lililokataa kutoa mawe mpaka mutu fulani aombe musamaha. Anaeleza juu ya mwenzake aliyesikia jina lake linaitwa kule chini, mahali hakuna mutu. Watoto wananyamaza, mama anasahau sufuria ku moto. Hapo hakuna anayeuliza: «Ni kweli?» Wote wanauliza: «Kiisha?»

Leo tunataka kuongea juu ya hiyo «kiisha». Mutu anafanyaje ili ajenge dunia ambayo haiko, na musikilizaji aingie ndani yake sawa anaingia mu nyumba ya shangazi? Walimu wa mu shule wataleta majibu mengi. Sisi tunaona jibu liko karibu sana na wachimbaji: dunia ya hadisi inasimama juu ya sheria zake. Maajabu yanakuja nyuma. Mutu aliyeshuka mu shimo anajua namna mahali padogo, penye giza, panaweza kuwa na sheria zake zenyewe: nani anashuka wa kwanza, nani analipwa wa kwanza, neno gani halisemwe kule chini, na nini inapata mutu akivunja.

Na si mchezo wa watu wenye kusoma tu. Mahali ambako kutaja jina la mukubwa fulani kunaweza kukuletea mugeni wa usiku, inchi ya kubuni inaweza kuwa kiti cha pekee ambacho kweli inaweza kukaliapo.

Wengine walikwisha kutujengea dunia

Kabla ya kusema namna ya kujenga, tuangalie dunia ambazo wengine walijenga, wakatuweka ndani bila kutuuliza.

Mwaka wa 1890, baharia mumoja, Joseph Conrad, alipanda na mashua juu ya mto Kongo. Wakati huo inchi yote ilikuwa mali ya mufalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Mwaka wa 1899 Conrad akatoa hadisi juu ya mto mukubwa wa Afrika. Jina Kongo haliko mu hadisi yote. Aliwalaumu wazungu waliokuja kutafuta pembe za tembo, na wengi wanamushukuru kwa hilo. Lakini wenyeji wa mto ule, wale wenye kubeba mizigo na kufa njiani, karibu hawasemi neno mu buku yake. Wako pale sawa miti.

Mu mwaka wa 1930 na 1931, Mubelgiji Hergé alichora Tintin akitembea Kongo. Hergé mwenyewe hakukuwa amekanyaga huku. Alijenga Kongo yake na karatasi alizosoma na mawazo ya watu wa kwao. Watoto wa Ubelgiji wakakua na Kongo hiyo, na mpaka leo mafundi wetu wanachonga Tintin ya mbao kwa kuuzishia wageni.

Kiisha kuna Wakanda, ambayo vijana wengi walijua kwa njia ya filme ya Black Panther mwaka wa 2018. Wakanda ilizaliwa mu magazeti ya picha ya Marekani mwaka wa 1966, ku mikono ya Stan Lee na Jack Kirby. Ni inchi ya Afrika yenye madini ya pekee, vibranium. Inchi hiyo inaamua yenyewe nani ayaone na nani asiyaone. Musichana wa Kipese anaweza kuangalia filme hiyo na kufurahi sana, juu mwishoni anaona watu weusi wenye kuwa na mali yao na akili zao. Baba yake muchimbaji, yeye, atauliza swali lingine: «Sasa njo nani anachimba? Anashuka na nini? Analipwa ku uzito ao ku siku? Akiugua kifua, nani anapeleka watoto wake ku masomo?» Filme inatuonyesha machimbo, lakini hakuna muchimbaji ambaye tunajua jina lake.

Hatusemi vitabu na filme hizo zitupwe. Tunasema hivi: kila dunia ya kubuni inaonyesha mahali mujenzi wake alikuwa amesimama wakati anajenga. Aliyesimama juu ya mashua anaona miti. Aliyesimama mu shimo ataona ngazi, kamba, na uso wa mwenye kushika kamba.

Karama mbele ya mufalme

Mu Kiswahili tuko na mwalimu mukubwa wa kazi hii. Ni Shaaban Robert, muzaliwa wa upande wa Tanga mwaka wa 1909, aliyefariki mwaka wa 1962. Kwa miaka mingi alikuwa karani wa serkali mu Tanganyika, wakati Waingereza njo walikuwa wanatawala. Karani wa serkali ya wakoloni hawezi kuamka asubuhi na kuandika: «Wakubwa wangu hawana haki.» Basi alijenga inchi. Mwaka wa 1951 buku yake Kusadikika ilitoka.

Kusadikika ni inchi iliyo angani. Mule kijana mumoja, Karama, anashitakiwa mbele ya mufalme juu anafundisha watu elimu ya sheria. Waziri Majivuno njo anamushitaki. Karama anapewa nafasi ya kujitetea, na anajitetea na hadisi: anakumbusha wajumbe sita ambao inchi ilituma mbali, kila mumoja upande wake, kutafuta mambo mema. Kila mujumbe alirudi na kitu cha kufaa. Kila mujumbe, badala ya shukrani, aliingizwa mu gereza.

Angalieni fundi huyu alifanya nini. Inchi yake ina mufalme, mawaziri, baraza, majimbo, lakini chini ya vyote kuna sheria moja tu, ambayo tunaweza kuisema hivi: mutu mwenye kuleta jambo jipya anafungwa. Sheria hiyo hakuna mahali imepakwa ku ukuta. Musomaji anaijua wakati mujumbe wa kwanza anafungwa. Wakati wa pili anafungwa, anaielewa. Wakati wa tatu, anaogopa kwa ajili ya Karama. Na mwishoni Karama anapoachiliwa, na wale wafungwa pia, musomaji anajua nini imevunjika, juu alikuwa amehesabu gharama yake mara sita.

Mu buku yote hakuna hata gavana mumoja aliyetajwa. Lakini kila musomaji wa wakati ule aliyewahi kufungwa juu ya kusema alijua mufalme ni nani.

Karibu nasi, ng'ambo ya mto, Sony Labou Tansi alifanya vile vile kwa Kifaransa. Alikuwa anaishi Kongo Brazzaville, na mwaka wa 1979 alitoa La Vie et demie. Inchi yake inaitwa Katamalanasie. Mutawala wake anamuua mupinzani mumoja, Martial, lakini Martial anakataa kufa. Hiyo njo sheria ya inchi ile: mwenye kuuawa bila haki hamalizike. Mutawala anakula, Martial yuko pale. Mutawala anaingia kulala, Martial yuko pale. Hakuna mwenye kuhitaji kuelezwa maana yake.

Muji wa treni na mashimo

Mwingine ni mutoto wa Lubumbashi, Fiston Mwanza Mujila, aliyezaliwa mwaka wa 1981 na sasa anaishi Austria. Mwaka wa 2014 alitoa Tram 83. Tram 83 ni jina la nganda, mahali pa kunywa na muziki, mu muji ambao ni muji na inchi kwa pamoja. Mule kuna kituo cha treni ambacho chuma zake hazikumalizika kujengwa, kuna wanafunzi, wageni wenye kutafuta faida, mukubwa mwenye silaha anayetawala, na wachimbaji wanaotoka mu mashimo na makuta ya usiku mumoja. Buku hiyo ilipewa tuzo ya Etisalat ya mwaka wa 2015 na ikatafsiriwa mu luga nyingi.

Mutu wa Katanga akiisoma atasema: «Hii ni kwetu.» Mutu wa Butembo ao wa Beni naye atatambua kitu. Juu ya nini? Mwandishi aliondoa jina la muji, lakini aliacha namna muji unavyozunguka: makuta yanatoka shimoni, yanapita ku nganda, yanaishia mu mukono wa mutu ambaye hakushuka. Jina linaweza kubadilika. Njia ya makuta ikibadilika ovyo, musomaji anajua ni bongo.

Neno «bongo» tulifikirie kidogo. Watu wengine banasema: «Hadisi za kubuni ni bongo tu.» Lakini bongo inakuomba uamini kitu ili ukose kuona kingine. Hadisi nzuri inakuambia tangu mwanzo: hii haikutokea. Kiisha inakuonyesha kile kinachotokea kila siku.

Tujenge mlima mumoja

Maneno bila mufano ni shimo bila ngazi. Tujaribu.

Tuseme kuna mlima. Tuuite Mlima Sauti. Ndani yake kuna zahabu. Sheria ni moja: kila mara mutu anatoa zahabu pale, neno moja linatoka mu kinywa chake na halirudi. Ukitoa kidogo, unapoteza neno dogo, labda «jembe» ao «ndizi». Ukitoa nyingi, unapoteza neno kubwa, labda jina la mutoto wako.

Ni ajabu, lakini bado si hadisi. Sasa tuulize maswali ya muchimbaji.

Nani analipa? Baada ya miaka kumi, muchimbaji wa zamani anaongea na mikono. Bibi yake amejifunza alama hizo. Mutoto wao wa miaka saba njo anamusemea ku soko, na wauzaji wanamudanganya, juu ni mutoto.

Nani anafaidika? Munegosia wa muji hajashuka hata siku moja. Maneno yake yote yako kamili. Yeye njo anaandika mapatano, yeye njo anasema ku redio kwa jina la wachimbaji, juu wao hawana tena maneno ya kumukatalia.

Nani anatafutwa? Kijana aliyemaliza sekondari. Yuko na maneno mengi, atadumu. Kwa hiyo ku Mlima Sauti mabosi wanapenda sana shule. Wanajenga madarasa, wanalipa walimu. Raia wanapiga makofi. Mama mumoja tu njo anajiuliza juu ya nini madarasa yamejengwa karibu hivi na mashimo.

Nani anajaribu kukimbia sheria? Mama huyo huyo. Kabla bwana yake hajaenda, anaandika mu kaye maneno yote anayopenda kusikia ku mudomo wake. Hapa mwandishi anapaswa kuamua: neno lililoandikwa linapotea pia, ao linabaki? Majibu yote mawili ni mazuri. Likibaki, hadisi itakuwa juu ya kaye hiyo na wale watakaotaka kuichoma. Likipotea, mama atafungua kaye asubuhi moja na kukuta mustari mweupe, na atajua bwana alitoa mawe makubwa siku ile.

Lakini ukiisha kuchagua, umefungwa. Kama mu ukurasa wa tatu maneno yaliyoandikwa yanabaki, na mu ukurasa wa makumi mbili yanapotea juu wewe umechoka na unatafuta mwisho, musomaji anafunga buku. Musomaji ni sawa na muchimbaji mbele ya muzani. Zamani na hata leo, mahali pengine wanapima zahabu ndogo na njiti za kibiriti na vipande vya makuta ya zamani. Muchimbaji anakubali njiti ya kibiriti. Kile hakubali ni munegosia anayebadilisha njiti katikati ya kupima. Musomaji naye atakusamehe mlima wenye kula maneno. Mlima wenye kubadilisha bei yake, huo hataukubali.

Kazi ya kaye na biki

Kwa vijana wa Kipese, wa Butembo, wa Beni, na kwa wazazi ambao wangependa kujaribu, tunaweka hapa mambo machache.

Anzeni na kazi ya mikono. Wengi wakitaka kubuni inchi wanaanza na karte, bendera na majina ya wafalme. Jioni yote inapita, hakuna mutu aliyefanya kitu. Anzeni na mutu mumoja anayefanya kazi: anashika baramini, anavuna viazi mu baridi ya asubuhi, anasukuma chukudu yenye kubeba kabichi. Mukijua kazi yake, mutajua anakula nini, anadaiwa na nani, anaogopa nini. Inchi itakuja yenyewe.

Pimeni njia sawa vile watu wanaipima. Mu vilima vyetu, kilometa haisemi kitu. Mutu anasema: «Ni saa mbili kama jua iko, saa tano kama mvua imenyesha.» Mu inchi yenu ya kubuni pia, njia ina matope, ina daraja lililovunjika, ina kizuizi ambapo wanaomba makuta. Msiseme daraja limevunjika kama hakuna mutu atakayekosa kuvuka.

Fikirieni majina. Wanande wako na mali hapa ambayo mwandishi wa mbali angeinunua kama ingewezekana. Kambale ni kijana wa pili. Kasereka ni wa tatu, Kakule wa nne, Katembo wa tano. Mu neno moja musomaji wa huku amekwisha kujua habari ya nyumba. Ukiandika kwamba Kambale njo mutoto kijana wa pekee mu nyumba yao, bila kueleza kitu kingine, mama wa hapa atauliza mara moja: «Wa kwanza alienda wapi?» Hapo hadisi imekwisha kuanza. Mu inchi yenu ya kubuni, mupe majina kanuni ya namna hiyo, na muifuate.

Msieleze yote mwanzoni. Mugeni akifika ku machimbo, hakuna anayemukalisha chini na kumusomea sheria zote. Anaona mutu amefukuzwa, anauliza juu ya nini, njo anajifunza. Musomaji ni mugeni. Mumuonyeshe sheria siku ile mutu anailipa.

Andikeni mu luga yenye kutoka ku mudomo. Kiswahili cha kwetu, na Kinande ndani yake, na Kifaransa cha ofisi kinapotakiwa. Kama mukubwa wa Mlima Sauti anasema luga ya makaratasi na wachimbaji wanasema luga ya nyumbani, musomaji ataona tayari nani anaweka sahihi na nani anawekewa.

Mujikinge, lakini msimwumize mwingine. Msitaje jina la mutu aliye hai, wala kijiji chake, wala kitu ambacho kinaweza kumutambulisha. Hilo ni kwa usalama wenu na wake. Lakini kuna mutego mwingine, na mu jimbo letu ni mubaya zaidi. Kama mu inchi yenu ya kubuni wabaya wote wanasema luga moja na wazuri wote luga ingine, hapo hamukujenga kitu. Mumechukua chuki ya barabarani na kuivalisha nguo ya hadisi. Jaribuni kuuliza ku Mlima Sauti: je, munegosia naye alizaliwa wapi? Baba yake hakuwa muchimbaji asiye na maneno? Swali hilo halimuondolee kosa lake. Linamufanya awe mutu, na mutu anaogopesha kuliko sanamu.

Jioni moja mu nyumba

Kazi hii haihitaji ordinatere wala diploma. Kaye ya shule iliyobakia kurasa kumi inatosha. Na nyumba ya muchimbaji iko na kitu ambacho waandishi wa miji mikubwa wanatafuta kwa miaka: watu wanaojua dunia mbili. Baba anajua ya chini na sheria zake. Mama anajua ya juu: deni ku duka, siku za kungojea, namna ya kugawa debe moja ya unga siku tisa. Watoto wako na swali la «na kama...?»

Basi muijaribu jioni moja, wakati hakuna moto wa umeme na betri ya telefone imekwisha. Mutoto aseme: na kama mlima ungekula maneno? Baba aseme kwa kweli nani angelipwa wa kwanza. Mama aseme hapana, hapo mumesahau, nani angemubembeleza mutoto usiku kama wote wawili hawana tena neno la wimbo? Mwenye mwandiko muzuri aandike.

Hatuahidi kama makaratasi hayo yatakuwa buku, wala kama buku italeta makuta. Tunajua jambo moja tu. Watu wataendelea kubuni inchi zenye madini na vilima sawa vyetu, wengine wakiwa mbali sana, na mu inchi hizo muchimbaji atakuwa na jina ao hatakuwa nalo. Mwenye kumupa jina na neno la kusema anaweza kuwa mutoto aliyekaa karibu na moto, mu Kipese, na biki mukononi. Aanze na sheria moja, na mutu mumoja mwenye kuilipa.